Vidole vya Miguu na Mwendo wa Mtu: Maelezo kwa Mlaji Kabla ya Kununua

Vijia vingi vya Bashay havikuchongwa na greda. Vimechimbwa polepole na nyayo za watu na kwato za ng'ombe katika miteremko ya nchi ya Mbulu na Hanang, na masika yanapoanza huwa na utelezi ambao hata kijana huushuka kwa adabu. Mtu anayeteremka hapo na dumu la maji, au anayepanda akirudi mnadani na mzigo kichwani, hutegemea viungo ambavyo ni nadra kuvifikiria, yaani vidole vyake vya miguu. Huvikumbuka siku anapokigonga kimoja kwenye jiwe.

Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuanguka. Kijana akianguka hujipangusa vumbi akaendelea na safari. Bibi wa miaka 70 akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na huenda asirudi tena kutembea kama zamani. Ya pili ni fedha. Siku hizi mtu mwenye simu ya mkononi, awe Dar es Salaam au Bashay, hutangaziwa vitenganisha vidole vya mpira, soli za ndani zenye vinundu, na viatu vya soli nyembamba vinavyosemwa kuwa vinarudisha nguvu ya asili ya mguu. Baadhi ya madai hayo yana ukweli ndani yake. Mengine hayana. Mlaji anayejua jinsi mguu unavyofanya kazi hadanganyiki kwa urahisi, kwa hiyo tutaanza na mguu wenyewe.

Hatua moja, kuanzia kisigino hadi dole gumba

Chini ya kifundo, kila mguu una mifupa 26, na 14 kati yake ni ya vidole. Unyayo una misuli midogo iliyopangwa kwa tabaka nne. Iko pia misuli mirefu inayoanzia kwenye shavu la mguu, ambayo kano zake hupita nyuma ya kifundo na kushuka hadi kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo nguvu ya vidole haikai vidoleni peke yake. Sehemu yake kubwa iko kwenye unyayo na kwenye shavu la mguu.

Mtu anapotembea, kisigino hutangulia kugusa ardhi. Uzito husogea mbele kupitia unyayo, kisha kisigino huinuka, na kwa muda mfupi mwili mzima husimama juu ya sehemu ya mbele ya unyayo pamoja na vidole. Wakati huo vidole hukunjika kuelekea juu. Utando mgumu ulio chini ya unyayo, unaoanzia kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole, hukazika kama kamba inayozungushwa kwenye gogo la kisima. Upinde wa unyayo huinuka, na mguu uliokuwa umelegea ili ulingane na ardhi huwa mgumu kama wenzo. Daktari J. H. Hicks ndiye aliyeueleza utaratibu huu katika maandishi yake ya mwaka 1954. Hapo ndipo misuli ya vidole inapokaza na kuibonyeza ardhi, dole gumba likiongoza, na mtu akasukumwa mbele.

Je, misuli hiyo ina kazi kubwa kweli, au inasindikiza tu? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulijibu swali hilo kwa njia ya ajabu kidogo: watafiti waliwachoma watu wenye afya dawa ya ganzi ili misuli midogo ya unyayo isifanye kazi, kisha wakawataka watembee na kukimbia. Upinde wa unyayo haukuporomoka kama wengi walivyotarajia. Kilichopungua ni nguvu ya kusukuma mwili wakati wa kuiacha ardhi, na watu wale walilazimika kufidia kwa kupiga hatua za haraka zaidi na kuitumikisha nyonga. Tafsiri yake kwa mtu wa kawaida ni hii: vidole vikishindwa kazi, kazi haipotei, bali huhamia juu, kwenye nyonga iliyokwisha kuchoka.

Mfumo huu ni wa zamani sana, na ushahidi wake hauko mbali na Mbulu. Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, huko Laetoli katika eneo la Ngorongoro, kundi la Mary Leakey lilifukua mwishoni mwa miaka ya 1970 nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Katika nyayo hizo dole gumba limekaa sambamba na vidole vingine, tofauti na la sokwe linaloelekea kando kwa ajili ya kushika matawi.

Mazoezi hubadili nini, na hayabadili nini

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoteleza, kwa kuwa hutaja nusu ya habari. Nusu yenyewe ni kweli: misuli ya vidole hukua ikifanyishwa kazi. Huko Ujerumani, vijana waliofanya mazoezi ya kubonyeza vidole kwa majuma saba waliongeza nguvu ya vidole kwa zaidi ya nusu, na uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2013. Waliweza pia kuruka mbele umbali mrefu zaidi. Hata hivyo, mwendo wao wa kawaida haukubadilika. Kijana mwenye afya hutembea bila kumaliza nguvu aliyonayo. Ukimwongezea nyingine, ataitumia anaporuka, hataitumia anapokwenda dukani. Kwa hiyo tangazo linalomwahidi kila mtu mwendo mpya ndani ya siku chache lichukuliwe kwa tahadhari.

Kwa mzee habari ni tofauti kabisa. Nguvu ya vidole hupungua kadiri umri unavyosonga, na hufika mahali ambapo kilichobaki hakitoshi kuuzuia mwili unapoyumba mbele. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa Australia uliofuatilia zaidi ya wazee 300 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Walioanguka katika mwaka uliofuata walikuwa na vidole dhaifu kuliko wasioanguka, na waliokuwa na dole gumba lililopinda kuelekea vidole vingine, au vidole vidogo vilivyokunjamana, walikuwa katika hatari zaidi. Haina maana kwamba kila anayeanguka ameangushwa na vidole: macho hafifu, dawa za shinikizo la damu, giza na mapaja yaliyodhoofika vyote vina sehemu yao. Hata hivyo vidole ni sehemu ambayo mtu anaweza kuishughulikia mwenyewe, akiwa amekaa barazani, bila kutoa senti.

Kuhusu wakimbiaji, tunaweza kusema kwa uhakika mkubwa kidogo. Huko Brazil wakimbiaji 118 waligawanywa makundi mawili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wale ambao hawakufanya mazoezi ya miguu na vifundo walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 2.4 kuliko wenzao waliofanya. Kwa nchi inayolea wakimbiaji kama ya Mbulu na Hanang, hili linastahili kusikika mashuleni.

Na tukiwa kwa wakimbiaji, neno moja juu ya majina makubwa. Muuzaji atakutajia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Rome mwaka 1960 akiwa peku. Mwulize kuhusu Tokyo mwaka 1964, ambako Bikila huyo huyo alishinda tena, akiwa amevaa viatu, kwa muda ulio mfupi kwa takribani dakika tatu. John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, na dunia haijamsahau. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton. Hatujui kiatu kinachoweza kuuza miguu ya watu hao.

Kupima na kuimarisha, nyumbani

Kipimo cha kwanza kinahitaji kadi ngumu na mtu wa kusaidia. Kaa kwenye kiti, magoti yakiwa yamekunjwa sawasawa na nyayo zikiwa peku sakafuni. Msaidizi aiweke kadi chini ya dole gumba, wewe uibonyeze, naye aivute taratibu. Ikichomoka bila upinzani, dole hilo ni dhaifu. Rudia kwa vidole vidogo, kisha kwa mguu wa pili. Kipimo cha namna hii hutumika hata kliniki kwa wagonjwa wa ukoma na wa kisukari, kwa hiyo kisidharauliwe kwa sababu ya wepesi wake.

Zoezi tunalolipendekeza kuliko yote ni kuufupisha unyayo. Ukiwa umekaa, kisigino na vidole vikiwa vimetulia chini, vuta mzizi wa dole gumba kuelekea kisigino ili upinde wa unyayo uinuke, bila kuvikunja vidole. Kaa hivyo ukihesabu hadi tano, kisha legeza. Mara za mwanzo hutaona chochote kikitembea, na watu wengi hukata tamaa hapo. Endelea. Mguu ambao umekaa ndani ya kiatu kigumu kwa miaka 30 huhitaji siku kadhaa kukumbuka kwamba una misuli. Ukilizoea ukiwa umekaa, lifanye ukiwa umesimama.

Baada ya hapo, jaribu kuinua dole gumba peke yake huku vingine vikibaki chini, kisha uinue vingine huku dole gumba likibaki. Vitanue vidole vyote viachane. Bonyeza vidole sakafuni vikiwa vimenyooka. Kuokota punje za mahindi au kukusanya kitambaa kwa vidole kunafurahisha, na watoto hulipenda zoezi hilo. Lakini lisiwe zoezi pekee, kwa maana linafundisha kukunja vidole, ilhali mwendo huhitaji vidole vinavyobonyeza vikiwa vimenyooka. Mwisho, simama karibu na ukuta, uushike, uinue visigino taratibu na kushuka taratibu zaidi. Mzee asilifanye zoezi hili la mwisho katikati ya chumba, wala juu ya mkeka unaoteleza.

Kila zoezi lirudiwe mara 10 hadi 15, kwa mizunguko miwili au mitatu, siku tatu au nne za juma. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya majuma sita hadi manane. Uchovu wa unyayo siku ya pili ni wa kawaida. Maumivu makali juu ya mguu, uvimbe, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku si ya kawaida, na yanataka mganga wa zahanati au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kabla ya kufungua mkoba

Mwaka 2021 watafiti wa Liverpool walichapisha matokeo ya watu waliovaa viatu vya soli nyembamba na laini katika shughuli zao za kila siku kwa miezi sita. Nguvu ya vidole vyao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 57. Ni habari njema kwa wenye kuviuza. Lakini mlaji aikumbuke na habari iliyotangulia. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram ya viatu vyenye vidole, ingawa haikukiri kosa, ilikubali nchini Marekani kutenga dola milioni 3.75 ili kumaliza shauri la wanunuzi waliodai kwamba ilitangaza faida za kiafya, ikiwamo kuimarisha misuli ya miguu, bila ushahidi wa kutosha. Kabla yake Reebok ililipa dola milioni 25 mwaka 2011, na Skechers dola milioni 40 mwaka 2012, kwa sababu ya matangazo ya viatu vilivyodaiwa kukaza misuli ya miguu na makalio. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa utafiti wa baadaye uliona kwamba soli nyembamba huimarisha mguu, kosa la Vibram lilikuwa wapi? Jibu letu ni kwamba anayeuza ahadi ya afya sharti awe na uthibitisho siku anayouza. Mlaji halipi leo kwa ajili ya utafiti wa kesho.

Tena, viatu hivyo vina hatari yake. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wakimbiaji wazoefu waliohamia kwenye soli nyembamba kwa majuma kumi walianza kupata dalili za kuumia ndani ya mifupa ya miguu, kwa kiwango kikubwa kuliko waliobaki na viatu vyao. Anayetaka kuhama, ahame kwa dakika chache kwa siku, na kwa kutembea kabla ya kukimbia.

Tunavyoona sisi, mtu wa Bashay hahitaji kiatu cha bei kubwa. Anahitaji kiatu kisichobana vidole. Simama juu ya karatasi, chora ukingo wa mguu wako, kisha weka juu ya mchoro huo kiatu unachotaka kununua: kikiufunika mchoro wote, kinafaa, mchoro ukijitokeza kando, vidole vyako vitalipa. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa ni nadra kulingana, na upime jioni miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi za mchana. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kikunje kiatu: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati. Kwa raba za mitumba, tazama soli iliyolika upande mmoja. Hiyo hubeba mwendo wa mwenye nayo wa kwanza.

Katambuga za tairi ni pana na bapa, na vidole hukaa vimetanuka, tunaziheshimu. Pitisha mkono ndani kwanza, kwa maana tairi nyingine zina nyuzi za chuma zinazojitokeza na kuchoma. Ndala ni nafuu, na kuzivaa bafuni ni sawa, lakini kwa kuwa hazina mkanda wa nyuma huvilazimisha vidole kuzing'ang'ania kwa kujikunja kila hatua, na katika mteremko wenye tope si kiatu. Vitenganisha vidole vya mpira huweza kumpa mtu nafuu ya msuguano. Usitarajie vinyooshe dole gumba lililokwisha kupinda.

Wasiotakiwa kutembea peku

Waliokulia peku wana hazina ambayo wengine huitafuta kwa fedha. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sugu nene ya unyayo hailetei mguu ubutu: mwenye sugu aliihisi ardhi sawa na asiye nayo. Kutembea peku ndani ya nyumba safi, au uani palipofagiliwa, ni zoezi zuri kwa watu wengi.

Lakini hatuwezi kumwambia kila mtu avue viatu. Udongo una funza, ambao wakiachwa huharibu vidole hivi hivi tunavyovizungumzia. Una minyoo ya safura. Na jeraha la mwiba au msumari huweza kuleta pepopunda kwa asiyechanjwa. Katika baadhi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki zenye udongo mwekundu wa volkano, kukanyaga peku kwa miaka mingi huweza kuvimbisha miguu isirudi tena, na kinga yake ni viatu na kunawa miguu kila siku.

Mwenye kisukari, na aliyewahi kuugua ukoma, asitembee peku hata ndani. Kipimo kingine rahisi ni hiki: mgonjwa afumbe macho, na mtu wa nyumbani amguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kwenye ncha ya dole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole kidogo, miguu yote miwili. Hiyo ni migusano sita. Asipohisi miwili au zaidi, mguu huo uko hatarini, na aende kituo cha afya kabla ya zoezi lolote. Kidonda kisichouma ndicho kinachofikisha mguu kwenye msumeno.

Kwa wakazi wa Mbulu na jirani zake, hospitali kubwa ya karibu ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Mahitaji ya viungo bandia na viatu maalumu hupelekwa KCMC mjini Moshi, ambako mafundi wa kazi hiyo hufundishwa tangu mwaka 1981.

Ukiona umedanganywa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kuisimamia. Ubora wa bidhaa huulizwa Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa inayodai kutibu, kama vile soli ya kuponya kisukari au kifaa cha kunyoosha mifupa, huulizwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dai risiti siku ya kununua, hata kama muuzaji ni jamaa yako, na uhifadhi tangazo lenyewe: likiwa la simu, lipige picha kabla halijafutwa; likiwa la kipaza sauti mnadani, andika tarehe, mahali na maneno aliyoyasema, na umwombe uliyeandamana naye aweke jina lake chini yake.